Konsoli gani ununue kwa gemu za upelelezi za Kijapani

Mtu akiniuliza anunue konsoli gani ili acheze Ace Attorney, gemu ya Kijapani ya wakili anayefichua wauaji, namuuliza kwanza kama ana mazoea ya kusoma riwaya kitandani. Maana ndicho anachokwenda kufanya. Gemu hizi, zile ambazo picha imetulia na maneno yanapita chini yake, husomwa zaidi ya kuchezwa. Unasoma, unabonyeza, unasoma tena, unaanza kumshuku mtu, unarudi nyuma kuhakikisha alisema alikuwa wapi saa ya mauaji. Usiku mzima unaweza kuishia hapo.

Kwa hiyo nguvu za mashine, ambazo wauzaji huzipigia debe, kwetu si kitu. Gyakuten Saiban ya kwanza, ambayo nje ya Japani ndiyo Ace Attorney, ilitoka mwaka 2001 kwenye Game Boy Advance, konsoli ndogo ya zamani ya Nintendo, na ilikaa humo bila taabu. Tunachonunua sisi ni kioo cha kusomea, uzito ambao mkono unauvumilia, na betri itakayofika mwisho wa kesi. Nimepanga orodha yangu kwa vipimo hivyo vitatu, kisha bei.

Kuhusu lugha: gemu ninazozitaja hapa hazina Kiswahili. Nyingi utazisoma kwa Kiingereza au Kijapani. Phoenix Wright: Ace Attorney Trilogy ina Kifaransa pia, na hilo litamfaa msomaji wa Bukavu au Bujumbura.

Ya kwanza: Nintendo Switch Lite

Ina gramu 275. Uzito huo utauelewa ukiwa umelala chali saa sita usiku, shahidi anadanganya na wewe hutaki kuiweka chini. Kioo chake ni cha inchi 5.5, lakini kina nukta zilezile 1280 kwa 720 za kaka zake wakubwa, ndiyo maana herufi zake zimekolea na hazina ukungu. Ilipotoka Septemba 2019 iliuzwa dola 199.99, na hadi leo ndiyo ya bei ya chini kuliko Switch zote. Haiunganishwi na televisheni. Kwa gemu za vita hilo ni pengo. Kwa kusoma, sijawahi kulijutia.

Nayo inacheza karibu kila kitu kinachotufaa: Trilogy yenyewe, The Great Ace Attorney Chronicles yenye London ya wakati wa Malkia Victoria, AI: The Somnium Files, na Paranormasight inayotembea usiku katika mitaa ya Sumida, Tokyo. Famicom Detective Club, gemu mbili za 1988 na 1989 zilizochorwa upya mwaka 2021, pamoja na Emio, muendelezo wake wa Agosti 2024, ziko kwa Nintendo tu. Sauti humo ni za Kijapani na maandishi ni ya Kiingereza. Mpenda upelelezi asizikose.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla hujaingia kwenye mipangilio ukafungua sehemu ya kusawazisha vijiti. Utaona nukta ndani ya duara. Sukuma kijiti, kiachie, tazama nukta: irudi katikati na itulie hapo. Ikitangatanga yenyewe, kijiti kimechoka, na kwenye Lite hakichomoki. Kwa bahati nzuri sisi tunategemea zaidi vitufe, na Lite ina kitufe halisi cha msalaba, kwa hiyo hata yenye kijiti kibovu inaweza kufaa kusomea. Lakini muuzaji apunguze bei, na apunguze kweli.

Kasoro yake ni moja: kwa mwenye miwani, herufi ni ndogo. Huyo aruke hadi ya pili.

Ya pili: Switch OLED

Kioo cha inchi 7, na weusi wake ni weusi hasa. Gemu hizi zina korido za giza, mvua na vyumba vilivyofungwa, na humo ndimo OLED inapokulipa fedha yako. Nintendo inataja saa 4.5 hadi 9 za betri. Gemu ya picha zilizotulia haiikamui, kwa hiyo umeme ukikatika jioni bado una muda wa kutosha wa kumkamata mwuaji. Ina pia mguu mpana wa nyuma: isimamishe mezani, chomoa Joy-Con, yaani vidhibiti vyake vya pembeni, shika moja kila mkono na uegemee kiti. Kwa kusoma muda mrefu sijaona raha kama hiyo. Ikiwa na Joy-Con ina gramu 420 hivi, na mikono itazihisi.

Switch ya kawaida ya 2017 nayo inafaa, ila geuza uone mgongo wake. Yenye namba HAC-001(-01) ni toleo la 2019 lenye betri bora. Yenye HAC-001 peke yake ni ya mwanzo, nayo huisha chaji mapema.

Ya tatu: Steam Deck

Hii ni konsoli ya mkononi inayocheza gemu za kompyuta kutoka Steam, duka la mtandaoni. Duka hilo lina hazina ya riwaya za picha usiyoipata kwingine, na punguzo zake zinarudi mara kwa mara. Umineko na Higurashi ziko huko. Danganronpa iko, The Nonary Games pia. Ningeiweka juu zaidi kama isingekuwa na gramu 669 (ile ya OLED, 640), karibu mara mbili na nusu ya Lite. Hiyo ni mashine ya kuegemeza kwenye mto.

Ya nne: Switch 2

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ilitoka 5 Juni 2025 kwa dola 449.99, na ina kioo cha inchi 7.9. Inacheza karibu gemu zote za Switch, lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo ni ya nguvu ambazo riwaya haizitumii. Na ukiletewa kutoka Japani, uliza swali moja kabla hujatoa hata senti: ni ile ya lugha ya Kijapani pekee? Japani inauzwa Switch 2 ya bei nafuu isiyo na lugha nyingine, na haikubali akaunti ya nchi nyingine. Haitakusaidia, labda uwe unasoma kanji.

PS Vita, konsoli ya mkononi ya Sony, nzuri ilivyokuwa, siipendekezi tena. Kadi zake za kumbukumbu ni za aina yake peke yake, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2019. Na 3DS ya Nintendo hufungwa kwa eneo, yaani haichezi gemu iliyouzwa kwa eneo jingine la dunia, huku duka lake la mtandaoni likiwa limefungwa tangu 27 Machi 2023.

Nje ya orodha: Nintendo DS Lite

Hii ni ya kununua pamoja na nyingine, kwa sababu kuna gemu zilizoumbwa na umbo lake la vioo viwili vinavyokunjwa. Hotel Dusk: Room 215 unaishika wima kama kitabu kilichofunguliwa, na kuna fumbo la kuunganisha vipande ambalo ukitaka kuligeuza unafunga konsoli kisha unaifungua. 999, ya watu tisa waliofungiwa melini kwa saa tisa, ina jambo ambalo linahitaji vioo viwili ili likupige ipasavyo. Zaidi ya hapo sisemi. Na Ace Attorney ya DS, ya 2005, unashikilia kitufe, unapaza sauti kwenye maikrofoni, "Igi ari!", yaani "Napinga!", na wakili anapinga. Katika kesi ya tano unanyunyizia unga juu ya ushahidi kwa kalamu, halafu unapuliza kwa mdomo wako. Unga unapeperuka, alama za vidole zinabaki.

Katriji za DS za kawaida hazifungwi kwa eneo, kwa hiyo ya Marekani na ya Ulaya zote zitakubali. Dukani, ifungue na kuifunga mara kadhaa huku ukitazama bawaba ya kulia, maana ndipo DS Lite nyingi hupasuka. Jaribu kalamu kwenye pembe zote nne za kioo cha chini. Halafu omba gemu yoyote inayotumia maikrofoni, na upulize.