Refa wa kukodi Chake Chake: kipyenga nyota tatu, karatasi nyota tano

Nimeshaulizwa mara nne na walimu wenzangu wa michezo wa vyuo vya hapa Pemba: wale waamuzi uliowaita kwenye bonanza lenu, wanafaa? Naandika mara moja ili nisirudie. Jina lao silitaji, kwa sababu nina maneno ya kuwalaumu na wao ni vijana wanaotafuta riziki. Anayewataka kweli aniulize uso kwa uso.

Huduma yenyewe ni hii. Unapiga simu wiki moja kabla, wanakuja watatu: refa wa kati na washika vibendera wawili. Kwa mchezo mmoja nililipa shilingi 55,000, yaani 25,000 za refa na 15,000 kwa kila mshika kibendera, nauli mbali. Chakula hawadai, ila chapati na chai hawajapata kuzikataa. Mchezo ukiwa na kadi nyekundu, kesho yake unaletewa ripoti ya maandishi bila kuongeza hata senti. Hiyo ripoti nilipoambiwa kwenye simu niliitikia tu ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyoitikia muuzaji wa dawa ya panya.

Nianze na kuchelewa. Tulipanga kuanza saa 10:15, watu wakitoka kuswali alasiri. Saa kumi na nusu timu zote mbili zimeshapasha misuli mpaka jasho limewakauka, refa hayupo, simu yake inaita tu. Kumbe wako ndani ya gari ya Wete, na gari imesimama njiani inapakia magunia ya karafuu. Ndio ulikuwa msimu wenyewe, majamvi yameanikwa kila mlango, na gari ya abiria inageuka ya mizigo bila mtu kuulizwa. Walifika saa 10:50. Magharibi haimngoji mtu, kwa hiyo dakika 90 tulizolipia zikawa 70. Nilitarajia walau watapunguza bei. Hawakupunguza, na mimi nikaona haya kusema.

Kabla ya kuanza refa aliwapanga wachezaji mstari, akapapasa soksi moja moja kutafuta shingadi, ile kinga ya ugoko. Nilifurahi. Waamuzi wetu wa kuombana, wa bure, huwa hata buti hawaangalii. Alipofika kwa winga wa wageni, nambari 11, akavuta soksi chini akatoa kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa vizuri kwa kisu kufuata umbo la mguu, kimezungushiwa selotepu. Watu wakacheka. Refa naye akacheka, akakirudisha mahali pake, akaenda kwa anayefuata.

Hapo ndipo alipopoteza nyota yangu ya kwanza. Sheria ya 4 ya soka inataka kila mchezaji avae shingadi ya kitu kinachokinga kweli, na soksi ifunike. Boksi la sabuni linakinga sabuni. Ukishaliona kwa macho yako na ukaliacha, basi ule ukaguzi ulikuwa wa kupigiwa picha. Nami nisijitoe: nilikuwa nimesimama pale pale, na sikusema kitu.

Kipindi cha kwanza hakina la kusimulia, isipokuwa mshika kibendera wa upande wa barabarani aliyekuwa akisoma simu mpira ukiwa upande wa pili. Tukafungwa moja.

Dakika ya 52. Nambari 11 akapokea mpira karibu na mstari wa pembeni, akamwacha beki wetu wa kulia, akausukuma mbele. Beki wetu wa kati, nambari 4, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa adabu, darasani hata kalamu haazimi bila kuomba mara mbili. Alikuja mbio kutoka mbali. Hakuja na mguu mmoja. Aliruka, miguu yote miwili mbele, meno ya buti yanaonekana, na mpira umeshapita. Nilisikia mlio kabla sijaelewa ninachokiona, mlio mkavu, kama kofi kwenye mlango wa bati. Boksi lilichanika vipande viwili na ngozi chini yake ikafunguka. Baadaye nambari 11 alishonwa nyuzi nne. Mfupa, alhamdulillahi, ulikuwa mzima.

Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Huyo mpelekeni mchezo wa ng'ombe!" Nyinyi wa Unguja mnaotucheka kwa mchezo wetu wa ng'ombe, wa kumchokoza dume na kumkimbia, jueni kwamba hata ng'ombe humpa mtu nafasi ya kukimbia.

Refa alifika pale kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakutafuta kadi mifuko yote, hakumtazama mshika kibendera, hakungoja wachezaji wamzonge. Nyekundu. Nambari 4 akainua mikono: "Nimeugusa mpira, refa!" Refa akamjibu kwa sauti ya chini, mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Hata ungeugusa." Na ndivyo Sheria ya 12 inavyosema. Ukicheza bila kujali hatari kwa mwenzio ni njano. Ukimrukia kwa nguvu za kupita kiasi, au ukahatarisha usalama wake, ni nyekundu, uwe umetokea mbele, ubavuni au nyuma, mguu mmoja au miwili. Kugusa mpira hakusafishi kitu. Nimecheza beki miaka kumi na moja na sisi tulikuwa tukifundishwa kinyume chake: gusa mpira kwanza, mtu atakuwa bahati mbaya.

Sasa ile karatasi. Kwetu kumpa mtu kadi nyekundu ndiyo kazi nyepesi. Kazi ni siku ya pili, chuoni, unapotaka kumwadhibu. Pemba ni ndogo, kila mtu ni mtoto wa mtu. Baba mdogo wa nambari 4 ana meza yake ofisini kwetu, na asubuhi ya Jumapili simu yangu ilikuwa imeshaita. "Maalim, yule ni mtoto wako pia. Aliteleza tu, mvua ilinyesha usiku." Saa nzima haikupita, kapteni akaniambia hivyo hivyo: aliteleza. Saa nne mwanafunzi ambaye hata kiwanjani hakuwepo akaniambia aliteleza. Mpaka adhuhuri chuo kizima kilikuwa kimeteleza.

Ripoti ililetwa kwa mkono, kurasa mbili za daftari la mistari. Nanukuu sehemu yenye kazi:

"Dakika ya 52. Nambari 4 ameruka kwa miguu miwili, meno ya buti juu. Mpira ulikuwa umeshaondoka kiasi cha hatua moja. Amemgonga nambari 11 ugokoni, mguu wa kushoto. Nilikuwa umbali wa hatua nane na hakuna aliyenizuia kuona. Kiwanja upande huo kilikuwa kikavu; maji yalikuwa kwenye goli la kusini tu."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo niliyoilipia 55,000. Refa yule aliijua Pemba yetu, akaliandikia jibu neno "aliteleza" kabla halijazaliwa. Kwenye kikao niliisoma mara moja, polepole. Baba mdogo akatazama feni, kisha akasema, "Basi mpeni anachostahili." Hakunikasirikia, wala nambari 4 hakuona kuwa mimi ndiye niliyemshitaki. Aliyesema ni mtu wa mbali, asiye na shangazi hapa, na alisema hatua ngapi. Miaka yote niliyokuwa nikishughulikia rafu za wanafunzi kwa ushahidi wa mdomo, adhabu ilikuwa ikimwangukia asiyekuwa na mtu ofisini.

Adhabu yenyewe niliiharibu mimi, wao hawahusiki. Mpwa wangu anasoma Marekani, jimbo la Ohio, na hunitumia video za mpira wa vyuo vya kule, futiboli ya Kimarekani, ule wa kukamata mikononi na kofia ngumu. Wana kanuni kali juu ya mchezaji anayemvamia mwenzie kwa utosi wa kofia, au anayemlenga kichwani au shingoni mtu asiyeweza kujikinga. Mwaka 2008 waliitia adhabu ya yadi 15, karibu mita 14. Mwaka 2013 wakaongeza kumtoa mchezaji nje. Ukitolewa kipindi cha kwanza unakosa kilichobaki cha siku ile. Ukitolewa cha pili, kanuni ya wakati ule ilikukalisha nje pia kipindi cha kwanza cha mechi ijayo. Na tangu 2019 wanaotazama marudio ya video ni lazima wathibitishe kosa zima, shaka ikibaki kutolewa kunafutwa. Na anayerudia mara ya tatu msimu mmoja anakosa mechi nzima inayofuata. Niliona ni uadilifu mtupu: kosa la dakika za mwisho lisiwe rahisi kuliko la dakika za mwanzo. Nikapendekeza nasi tufanye vivyo hivyo. Kikao kikakubali, kikanisifu.

Jumamosi iliyofuata, nambari 4 akakaa benchi dakika 45 chini ya mwembe, anakunywa maji ya dafu. Kipindi cha pili akaingia. Wenzake ndimi nje, wapinzani ndimi nje, jua lile lile, yeye miguu mipya kama katoka kulala. Dakika ya 71 kona ikapigwa, akaruka juu ya watu waliokuwa hawawezi tena kuruka, akafunga kwa kichwa. Kocha wa wenzetu hakunilaumu kwa ukali. Alinipa mkono tu, akasema, "Maalim, nyinyi mlimpumzisha."

Kule Marekani benchi lina makumi ya watu na wanaingia na kutoka bila hesabu, hakuna anayechoka peke yake. Nusu ya mechi kule ni hasara. Kwetu, na kikosi cha watu kumi na sita, ni zawadi. Sasa kanuni yetu ni michezo miwili kamili kwa kumrukia mtu, na mchezaji aende mwenyewe nyumbani kwa yule aliyeumizwa, afuatane na kapteni. Nambari 4 alikwenda, akapeleka shingadi mpya. Sikumwambia apeleke.

Turudi kwa waamuzi. Nimewaita tena mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza walifika saa tisa na nusu, mapema kuliko hata mimi. Mshika kibendera wa simu alikuwa yule yule, ila simu kaiacha mkobani. Ukiwaita, waambie mapema kwamba unataka ripoti hata pasipo na nyekundu, maana njano mbili tatu za mtu mmoja ndizo zinazokuonyesha nyekundu inayokuja, wataandika, hawatanuna. Usiwaite siku moja na mchezo mwingine wa Konde, watachelewa. Na mwandiko wa refa ni wa kuzoea, herufi z na r kwake ni mapacha.

Kuhusu boksi la sabuni, nilimwambia refa waziwazi mara ile ya pili. Akainamisha kichwa, akasema ni kweli, Maalim. Sasa anatembea na jozi nne za shingadi mkobani, na asiyekuwa nazo haingii kiwanjani. Anamkodishia kwa shilingi 1,000.