Redio nzuri, feni ya kusukumwa kwa kidole

Nikisema redio hii ya ridhaa, yaani ya kurusha na kupokea mawimbi ili kuzungumza na wapenzi wenzangu wa redio walio mbali, ni mbovu nitakuwa nimeisingizia. Nikisema ni nzuri nitakuwa nimemfurahisha yule fundi wa waranti, na hilo sitaki hata kidogo. Kwa hiyo someni tu, hasira ni yangu na uamuzi ni wenu.

Ina bendi ngapi, skrini yake ina ukubwa gani, hayo kila mtu anaweza kuyatafuta. Mimi nataka kuzungumzia feni. Ndiyo, feni. Kidude cha plastiki, pengine ndicho cha bei rahisi kuliko vyote ndani ya lile kasha, na ndicho kilichoniharibia raha ya redio nzima.

Mwanzoni niliipenda kupita kiasi. Sikio lake ni kali. Kituo dhaifu kimekaa ubavuni mwa kituo kinachonguruma, na bado unakinyofoa na kukisikiliza bila kukunja uso. Kwenye maongezi ya kawaida ya sauti sikupata shida yoyote. Mtu akiongea anavuta pumzi, anatafuta neno, anamwachia mwenzake zamu, na transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenda kwenye antena, zinapata nafasi ya kupoa. Feni ilikuwa haisikiki kabisa. Nikawa nawaringia wenzangu wa redio ya ridhaa: yenu inavuma kama nini, yangu kimya. Kumbe kimya kile kilikuwa na sababu yake.

Mambo yaliharibika nilipohamia FT8, ule mtindo wa kompyuta kuzungumza na kompyuta uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Anayeujua anajua ratiba yake: unarusha karibu sekunde 13, unasikiliza mzunguko unaofuata wa sekunde 15, unarusha tena. Na unaporusha, unarusha nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kuvuta pumzi.

Usiku mmoja nikapata kituo cha mbali nilichokuwa nakitafuta muda mrefu. Ripoti yangu imekwenda, yake imerudi, imebaki kuthibitishana tu. Nikaona mshale wa nguvu unashuka. Umetoka wati 100, umefika 60, unaelekea 30. Nikaweka kiganja juu ya kasha, nikakiondoa upesi. Moto. Redio ilikuwa inajipunguzia nguvu yenyewe isiungue. Nikatega sikio nyuma ya redio: kimya.

Nikachukua tochi, nikamulika kwenye wavu wa feni. Mapanga yalikuwa yanatetemeka. Yanasogea mbele kidogo, kama unene wa ukucha, yanarudi nyuma, yanasogea tena, yanarudi, kama mbuzi anayevutwa kamba na kagoma kutembea. Nikachukua mrija mtupu wa kalamu, nikaupenyeza kwenye wavu, nikasukuma panga moja. Feni ikashika, ikaanza kuzunguka vizuri kana kwamba haijawahi kukosa. Kile kituo cha mbali kilikuwa kimeshaondoka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Siku nyingine inaanza yenyewe, siku nyingine mpaka uitekenye. Redio iliyotangazwa kwa sifa zote zile, naiwasha huku mkononi nimeshika mrija wa kalamu.

Nilipoipima kwa mita nikaelewa. Redio ikianza kupata joto inaipa feni volti 6 hivi, ili izunguke polepole na isipige kelele. Feni yenyewe ni ya volti 12. Sasa, feni ikishazunguka inaweza kuendelea hata kwa volti chache, lakini kuanza kutoka kusimama kunahitaji zaidi, kwa sababu lazima ishinde ukinzani wa bushi yake. Grisi ikikauka, vumbi likiingia, zile volti 6 hazitoshi tena. Motor inabaki kuvuta bila kwenda. Na kwa kuwa feni waliyoweka ina waya mbili tu, redio haina njia ya kujua kama mapanga yanazunguka au yamelala. Imetuma umeme, imeridhika. Waya wa tatu ungeileta habari hiyo. Feni za namna hiyo zimejaa kwenye kompyuta za kawaida kabisa.

Dawa yake ni ndogo mpaka inauma. Iipe feni volti 12 kamili kwa sekunde moja ianze, halafu ndiyo uishushe. Vidhibiti vingi vya feni hufanya hivyo. Sekunde moja tu ya kelele! Lakini hawa walitaka kuandika kwamba redio yao haina kelele, basi hata hiyo sekunde moja wakaibania.

Joto likizidi kupanda, ngazi ya pili inafika, volti 12 zinaingia kwa mkupuo, na feni inaamka kwa ukelele unaoingia mpaka kwenye maikrofoni. Hapo tena unapata adhabu ya pili. Upepo wa ghafla unaipiga osileta, kile kifaa kinachoshikilia masafa, iliyokuwa imezoea joto, masafa yanateleza, na kwenye skrini ya mtiririko, inayochora mawimbi kama mistari inayoteremka, ule mstari wako uliokuwa umenyooka unapinda. Kwa FT8 utasamehewa. Jaribu WSPR, mtindo mwingine wa kompyuta, ambapo unarusha karibu dakika mbili mfululizo na mawimbi yako yote yanakaa kwenye upana wa hezi 6 hivi, uone kama kuna atakayekusoma.

Wapo watakaosema joto ni jambo la kawaida. Ni la kawaida, ndiyo maana feni si pambo. Redio inayotoa wati 100 huvuta kama amperi 20 kwa volti 13.8. Zidisha: wati 276. Zilizotoka kwenye antena ni 100. Zile 170 na ushee zimebaki ndani ya kasha unaloweza kulibeba kwapani. Zinatoka kwenye transista, zinapita kwenye pesti ya joto, zinafika kwenye bamba la mapezi la alumini, na hapo bila upepo zinakaa. Hata kapasita za jirani zinaumia, maana kwa kanuni wanayoitumia mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita za elektroliti kwa nusu.

Kwa hiyo nikaipeleka kwa mafundi wa waranti. Nimesita kusimulia sehemu hii kwa sababu kila nikiikumbuka napandwa.

Fundi aliifungua mbele yangu, jambo nililolishukuru. Akachomoa waya za feni, akaziunga kwenye pawa saplai yake ya mezani. Volti 12. Feni ikazunguka mara moja.

"Inazunguka hiyo."

"Inazunguka kwa volti 12, fundi. Redio yenyewe mwanzoni inaipa 6. Naomba uishushe mpaka 6, uizime, halafu uiwashe tena."

Hakuigusa ile swichi. Kuishusha ni kuzungusha kitufe kilichokuwa mbele ya kidole chake, lakini hakukigusa. Alinitazama, akamgeukia mwenzake, akacheka.

"Hawa watu wa kompyuta hawa. Bosi, redio ni ya kuongea. Ukitaka kurusha milio usiku kucha, punguza nguvu, au nunua kubwa zaidi."

Nikamwambia kitufe cha data, cha kurushia hiyo milio ya kompyuta, wamekiweka wao usoni pa redio, sikukichora mimi. Tena hapo hapo pana RTTY, ule mtindo wa zamani wa kutuma maandishi kwa redio, na FM, na huko mawimbi hayapumziki hata nusu sekunde. Huyo mtu wa RTTY naye ni wa kompyuta? Akasema, "Nimetengeneza redio kabla wewe hujajua kushika maiki." Akaandika kwenye fomu: imekaguliwa, haina tatizo. Akanirudishia redio ikiwa na skrubu moja pungufu kwenye kifuniko cha juu.

Mnisamehe, lakini skrubu ile iliniudhi kuliko fomu.

Na ule ushauri wa kupunguza nguvu niliupima kwa hesabu, kwa sababu anayekudharau mpe nafasi ya kuwa sahihi kwanza. Kushusha kutoka wati 100 hadi 50 ni desibeli 3, yaani nusu tu ya alama moja ya S, kipimo cha ukali wa mawimbi kwenye mita ya anayekupokea, ambapo alama nzima ni desibeli 6. Mpaka hapo yuko sawa: huko aliko mwenzako hataona tofauti ya maana. Lakini joto halipungui nusu. Hatua ya mwisho ya redio hizi hupoteza ufanisi ukiirudisha nyuma. Kwa wati 50 bado huvuta kama amperi 14 au 15. Toa hesabu, utakuta ndani bado mnabaki karibu wati 150. Nguvu umeikata nusu, joto limepungua kidogo tu. Kwa feni iliyolala hiyo si tiba, ni kuahirisha. Ningempelekea hesabu hii kama ningekuwa na hakika ataisoma bila kumgeukia mwenzake.

Stika ya waranti nimeikata kwa kisu. Waranti ya kuandikiwa "haina tatizo" inanifaa nini mimi?

Feni ya zamani nimeitoa, nimeweka ya ukubwa ule ule lakini yenye beringi za gololi, ambayo inaanza kwa volti 6 bila kuvutana. Nyuma nimefunga nyingine ya milimita 80 kwa nje, nayo inavuta hewa kwenda nje. Hili la mwelekeo liangalieni sana, maana redio hii inatoa hewa kwa nyuma, na feni ya nje inayopuliza kuingia ndani itapigana na ile ya ndani, joto libaki katikati. Ya nje nimeitia rezista izunguke polepole, naiwasha kabla sijaanza kurusha, na siizimi mara tu nikimaliza, kwa sababu joto lililobaki kwenye bamba linahitaji kuondolewa pia. Feni pana ikizunguka nusu ya kasi yake, kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Siisikii labda niinamishe kichwa. Yaani kimya walichokuwa wanakitafuta kinapatikana, tena bila kuichoma redio.

Mwanzoni feni mpya ilinitilia mlio kwenye bendi za chini, mlio mwembamba kama wa mbu. Nikazungushia waya zake kwenye feraiti, ule mduara wa sumaku unaozuia kelele za umeme, na kuweka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 kwenye miguu yake, ukapotea.

Sasa hivi mshale wa nguvu hausogei. Nimerusha jioni nzima, kiganja nimekiweka juu ya kasha nikakiacha hapo. Mstari kwenye skrini umenyooka. Na lile sikio la redio, jamani, jana lilinitolea kituo ambacho kwenye redio yangu ya zamani kingekuwa moshi tu. Nilikuwa nimepanga kuipa nyota mbili. Kwa haki ya Mungu, redio yenyewe inastahili nne. Ingekuwa na waya wa tatu kwenye feni na ile sekunde moja ya volti kamili, ningeipa tano na kuwasumbua nyote mwinunue.

Ila sasa nikiandika hizo nne namwona yule fundi akizisoma. Ataona mteja ameridhika, na kila atakayemfuata na redio kama hii ataungiwa feni kwenye volti 12 na kuambiwa inazunguka. Basi tatu. Nne ni za redio, moja nimeikata kwa ajili ya ile swichi ambayo hakutaka kuigusa, na ya skrubu nimewasamehe.

Mwenye redio hii afanye hivi: asubuhi ikiwa imepoa kabisa, arushe kwa FM au RTTY kwenye dami lodi, kile kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, amulike tochi kwenye wavu wa nyuma joto linapoanza kupanda. Mapanga yakitetemeka bila kuzunguka, aichukue video. Akifika kwa mafundi awaonyeshe video kabla hawajafungua kasha, na wakileta pawa saplai yao aombe mita isomeke volti 6 mbele ya macho yake. Na ahesabu skrubu.