IELTS ya kompyuta, sehemu ya Reading: uzoefu wangu na mahali alama zinapopotea

IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, haina karatasi ya sarufi. Hutapewa sentensi uigeuze bila kubadili maana, wala hutaulizwa uchague kiambishi sahihi kama tulivyozoeshwa shuleni. Waliopitia KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, wanaikumbuka ile sehemu ya sarufi ya alama 15 kwenye Paper 2. Hapa haipo kabisa. Sarufi na msamiati vimefichwa ndani ya ufahamu, na kwa maoni yangu vinabanwa zaidi kwenye Reading, saa moja ambayo wengi huidharau kwa sababu "kusoma Kiingereza najua".

Ninayoizungumzia ni toleo la Academic linalofanywa kwa kompyuta; toleo jingine ni General Training. Kabla ya kulipa, hakikisha ni hiyo unayoihitaji. Muuguzi anayetaka kujisajili NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, anatakiwa kuwa na Academic, na General Training haimsaidii hata akipata bendi 9, alama ya juu kabisa. Anayeomba Express Entry, mpango wa Kanada wa kupokea wahamiaji wenye ujuzi, kinyume chake, anatakiwa kuwa na General. Kwa viza za Uingereza kuna pia IELTS for UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya huko), ambayo maswali yake ni ya aina ileile ila inasajiliwa kivyake na bei yake iko juu. Uliza huko unakopeleka cheti, usimuulize jirani.

Kwenye Reading unapewa habari tatu zenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750, maswali 40 na dakika 60. Kila swali ni alama moja, na kukosa hakukatwi alama. Listening, Reading na Writing zinafuatana bila mapumziko, karibu saa mbili na nusu. Chooni unaruhusiwa kwenda, lakini saa haikusubiri.

Kuhusu kompyuta yenyewe, nimeipenda kuliko karatasi. Habari iko kushoto, maswali kulia, na kila upande unaushusha peke yake. Ukichagua maneno kwa kipanya unaweza kuyapaka rangi au kuyawekea maandishi yako pembeni, na rangi inabaki hata ukihamia habari nyingine na kurudi. Chini kuna namba za maswali yote. Ukibofya namba unaruka moja kwa moja hadi kwenye swali, na swali lenye shaka unaliwekea alama ya kulirudia. Ukubwa wa herufi unabadilishwa. Kwenye kuoanisha vichwa vya habari, kichwa unakiburuta kwa kipanya na kukidondosha juu ya aya yake.

Faida ambayo haitajwi sana ni kwamba maswali ya kuchagua unabofya tu. Kwenye karatasi mtu aliweza kuandika TRUE mahali palipotaka YES akapoteza alama hivihivi. Kwenye skrini kosa hilo halipo, na hakuna karatasi ya kuhamishia majibu.

Usumbufu wake ni kwa asiyezoea kusoma matini ndefu kwenye skrini. Macho yanapotea mstari. Usifanyie mazoezi kwenye simu, kwa kuwa simu inakuonyesha aya moja moja, wakati mtihani unataka uione habari na maswali kwa pamoja. Kama huna kompyuta, lipia saa moja moja kwenye saiba na ufungue mazoezi ya bure ya tovuti rasmi ya IELTS, yenye skrini inayofanana na ya mtihani.

Sasa alama. Kwenye Academic, wastani unaotangazwa ni majibu sahihi 15 kwa bendi 5, 23 kwa bendi 6, 30 kwa bendi 7 na 35 kwa bendi 8, ukipandashuka kidogo kutokana na ugumu wa toleo. General Training ina habari nyepesi, kwa hiyo wanadai zaidi: bendi 7 ni kama 34. Anayehitaji 7, kama hao wauguzi, basi ana maswali kama kumi ya kupoteza, na inambidi achague atayapotezea wapi. Wanaoshindwa huyapotezea kwenye maswali mepesi kwa sababu walikaa dakika nane kwenye swali moja gumu.

Aina ya swali inayowaangusha watu wetu kuliko zote ni TRUE, FALSE, NOT GIVEN. Hebu nitunge mfano. Chukulia habari inasema: "Most of the sisal was shipped through Tanga, with the remainder leaving from Dar es Salaam." Halafu unapewa kauli hizi:

"Over half of the sisal was exported via Tanga." Hii ni TRUE. "Most" imegeuzwa kuwa "over half", na "shipped through" imekuwa "exported via". Hapa unapimwa msamiati, basi.

"Tanga was the only port used for exporting sisal." FALSE. Dar es Salaam imetajwa waziwazi, kwa hiyo "only" inavunjika.

"The sisal was carried to Tanga by train." Hapa ndipo mtego ulipo. Mtanzania yeyote anayeijua reli ya Tanga na mashamba ya mkonge atabofya TRUE bila kusita, na atakuwa amekosa. Sentensi haijataja treni. Jibu ni NOT GIVEN. Unachokijua wewe hakihesabiki, hata kama ni kweli tupu.

Kuna kundi jingine linalokosea upande wa pili: wakikosa kuliona jambo kwenye habari wanabofya FALSE. Mimi natumia kipimo kimoja. Je, kuna maneno ninayoweza kuyawekea kidole yanayoipinga kauli hii? Yakiwepo, ni FALSE. Nikiwa natumia hoja ya "haiwezekani" au "ingekuwa imeandikwa", ni NOT GIVEN. Na ukishatafuta sehemu husika kwa dakika moja na nusu bila kuona kitu, usiendelee kuchimba, kwani kutoonekana kwake huenda ndiko jibu lenyewe. Maswali ya aina hii hufuata mpangilio wa habari, kwa hiyo jibu la swali la 5 liko kati ya la 4 na la 6. Hilo peke yake linakuokolea muda mwingi.

Sarufi inaingia humohumo. Habari ikisema jambo fulani "was thought to have caused" ukame, halafu kauli ikasema "caused", hizo ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza inasema watu walidhani hivyo, ya pili inasema ndivyo ilivyokuwa. Tazama pia "may", "tend to", "used to", "had been", "unless" na "hardly". Msomaji wa haraka anayapita maneno haya kama viraka visivyo na maana na kukamata nomino tu. Watunzi wanalijua hilo. Ndiyo maana kauli ya uongo mara nyingi imejaa maneno yaleyale ya kwenye habari, na ya kweli haina hata moja linalofanana. Ukiona neno la swali limenakiliwa kama lilivyo, shtuka kidogo.

Maswali ya kujaza nafasi yanafanana kwa sura na ile "cloze test" ya KCSE, lakini kanuni ni nyingine. Shuleni ulitafuta neno lolote linalokubalika kisarufi. Hapa neno linatoka ndani ya habari, halibadilishwi, na kuna kikomo. Maagizo yakisema NO MORE THAN TWO WORDS ukaandika matatu, huna alama, hata kama lile la tatu ni "the". Tabia ya kujibu kwa sentensi kamili, ambayo walimu wetu walitudai miaka yote, hapa inakuangamiza. Neno lenye kistari katikati linahesabiwa kuwa moja. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubaliwa, lakini kosa la tahajia halisamehewi wakati neno lenyewe liko mbele yako kwenye skrini. Njia rahisi ni kulinakili: Ctrl+C kwenye habari, Ctrl+V kwenye nafasi. Hakikisha tu hukubeba nukta au nafasi tupu.

Kabla hujaangalia habari, soma sentensi yenye pengo kisha ujiulize panaingia neno gani: nomino, kitenzi au kivumishi, umoja au wingi. Pengo likitanguliwa na "a", "bridges" haiwezi kuwa jibu. Likifuatwa na "were", huenda inatakiwa wingi. Ile "s" ya mwisho inapoteza alama nyingi kuliko maneno magumu. Msamiati wa kutisha haukusumbui sana, kwa sababu neno la kitaalamu kwa kawaida linafafanuliwa hapohapo kwenye sentensi inayofuata.

Kuoanisha vichwa vya habari na aya kunakula muda. Watu wengi wanashauri ukuache hadi mwisho. Mimi nakufanya kwanza, kwa sababu ukimaliza unaijua ramani ya habari nzima na maswali mengine yanakuwa mepesi. Soma aya, usivisome vichwa. Jisemee kwa Kiswahili aya hii kazi yake nini, ndipo utafute kichwa kinachosema hivyo. Kichwa kinachogusa mfano mmoja tu wa ndani ya aya ni chambo. Ninachokiacha mwisho ni yale maswali ya "aya ipi ina taarifa ifuatayo", ambayo hayafuati mpangilio wowote na yanakulazimisha kupekua habari nzima. Kama ni lazima upoteze alama, zipotezee huko.

Ule mgawanyo wa dakika 20 kwa kila habari siukubali. Habari ya tatu kwa kawaida ndiyo nzito, na maswali yake yanahusu mtazamo wa mwandishi zaidi ya matukio. Mimi natumia 17 kwa ya kwanza, 20 kwa ya pili, na zinazobaki kwa ya tatu. Dakika mbili za mwisho si za kusoma tena, ni za kujaza kila pengo lililobaki. Kubahatisha hakuna adhabu, na NOT GIVEN ya kubahatisha ina nafasi moja kati ya tatu.

Kasoro kubwa ya IELTS ni kile unachopewa baada ya kulipa bei kubwa: namba moja kwa kila ujuzi. Karatasi ya matokeo haisemi kama uliangushwa na msamiati, na sarufi au na muda. Kwa anayetaka kujipima tu, hiyo ni fedha ya kutupa. Cambridge wana jaribio la bure mtandaoni lenye maswali 25, na matokeo yanatoka palepale. EF SET nayo ni bure, toleo lake la dakika 50 linapima kusoma na kusikiliza, na maswali yanapanda au kushuka kulingana na unavyojibu. Vyuo vichache tu ndivyo vitakavyozingatia matokeo hayo, lakini yatakuambia kama uko tayari kulipia IELTS. Ukitoka chini ya B2, ngazi ya nne kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya (A1 hadi C2), subiri kwanza.

Duolingo English Test ni mnyama mwingine. Unaufanyia nyumbani, ni nafuu, na majibu yanatoka ndani ya siku mbili. Msamiati wanaupima wazi: unaamua kama neno ni la kweli au la kubuni, na unajaza herufi zilizoondolewa mwishoni mwa maneno. Mwenye sarufi nzuri na kasi atafurahi huko. Ila ukishalipita swali hurudi nyuma, na intaneti ikikatika au ukionekana unatazama pembeni, matokeo yanaweza kukataliwa. Kwa mwenye umeme wa kubahatisha, chumba cha IELTS kina utulivu zaidi.

Kaa mbali na PDF za "maswali yaliyovuja" zinazozunguka WhatsApp na Telegram. Nyingi ni majaribio ya zamani yaliyochapwa upya na funguo za majibu zenye makosa, na kwenye NOT GIVEN ndiko makosa yamejaa zaidi. Unaishia kujifunza mantiki potofu.

Ukikosa nusu bendi kwenye Reading, kuomba usahihishaji upya sioni kama kuna maana. Jibu ni sahihi au si sahihi, hakuna mtahini wa kubadili mawazo kama kwenye Writing. Afadhali One Skill Retake: waliofanya kwa kompyuta wanaruhusiwa kurudia ujuzi mmoja tu ndani ya siku 60, pale kituo kinapoitoa. Lakini si kila taasisi inaikubali. Waandikie barua pepe kwanza, upate jibu la maandishi, ndipo ulipe.