Bodi ya kuokoteza: chesisi ya Scalextric au ya shaba?

Una bodi ya plastiki ya gari dogo la kuunganisha la Airfix, ya kipimo cha 1:32 (mara 32 ndogo kuliko gari halisi), magurudumu yamepotea, na unataka ikimbie kwenye njia ya umeme yenye mfuo. Chini yake uweke nini?

Rahisi ni kuvua chesisi (fremu ya chini) ya Scalextric mbovu, gari la kuchezea la umeme linalokimbia kwenye njia ya aina hiyo. Magari hayo yalianza Uingereza mwaka 1957, kwa hiyo mabaki yake si adimu, na mengi ni ya kipimo hicho hicho. Mota, gia na ulimi wa mbele unaoingia mfuoni vyote vimo. Shida ni nafasi kati ya ekseli: ikipishana milimita 3 tu, gurudumu halikai katikati ya tao lake, na jicho huona hilo kwanza. Unaweza kuikata na kuiunga, ila kiungo cha gundi mara nyingi huachia gari likigonga ukingo.

Chesisi ya shaba ya njano unailehemu mwenyewe kwa bamba na vijiti, kwa urefu wa bodi uliyonayo. Faida yake kubwa ni uzito. Bodi za kuunganisha ni nene, nzito juu, hupinduka konani. Shaba huuvuta uzito chini. Huna sumaku ya kung'ang'ania reli, mkia unateleza (raha yenyewe hiyo!). Toa mota kabla ya kulehemu, joto litayeyusha kifuniko chake.

Kwa gari la kwanza, chukua Scalextric. Kwa bodi ndefu za mashindano ya miaka ya 1930, mimi sihangaiki na chochote ila shaba.