TAHADHARI: "Mia ya fedha" inayouzwa kwenye magrupu ni sarafu iliyoliwa na maji

Ndugu zangu, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya vitu vya kale hapa Dar. Anauza sarafu za shilingi 100, zile zenye Mwalimu Nyerere na swala, ila rangi ni ya kijivu badala ya njano. Anadai zilitoka kiwandani kimakosa zikiwa za madini ya fedha, na moja anaiuza laki na nusu. Binamu yangu ameshatuma pesa. Sarafu ilipofika niliishika mwenyewe.

Hakuna fedha pale. Mia yetu ndani ni chuma, juu imepakwa ngozi nyembamba ya shaba ya njano. Ikilala kwenye maji machafu ya mafuriko, au mtu akiichovya kwenye asidi, ngozi ile inalika na chuma kinabaki uchi. Isogezeni kwenye sumaku, hata ya spika mbovu. Fedha hainati, hii inanata papo hapo.

Ukimbana atageuza maneno: "Basi ni ile iliyokosa kupakwa kiwandani." Hapo tumia macho na kucha. Iliyokosa kupakwa ingekuwa na uso laini na herufi kali. Hizi zake zina vishimo vishimo, nywele za Mwalimu zimefutika, ukingo umelika upande mmoja zaidi ya mwingine, na kwenye mikunjo ya herufi kuna kutu ya kahawia. Mabaki ya njano bado yamejificha pembeni. Picha anapiga kwenye mwanga mkali ili vishimo visionekane, kwa hiyo mwombeni video akiizungusha mkononi. Binamu alipoomba, alijibiwa kwamba mteja mwingine anasubiri.

Mia tano yenye nyati nayo anayo, imevimba malengelenge. Ile ni chuma kilichopakwa nikeli. Kutu imeingia chini ya ngozi ikaiinua. Thamani yake ni mia tano ileile.

Sasa ameanza na heller 20 za Tabora za 1916, sarafu za enzi za Mjerumani, "zilizofukuliwa mtoni". Za kweli ni za shaba nyekundu au ya njano, zina herufi T chini ya mwaka, na hazinati kwenye sumaku.

Anabadilisha namba mara kwa mara, maneno ni yaleyale: "tuma nusu nikushikilie mzigo." Msitume hata mia kabla hamjaishika sarafu mkononi. Waliokwisha kulizwa, hifadhini meseji na muamala, mkaripoti polisi.