Kliniki ya akili niliyompeleka mdogo wangu: nyota nne, ya tano nimeibakiza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kumwona daktari mara ya kwanza ni shilingi 40,000, marudio 25,000. Mwanasaikolojia analipiwa peke yake, 30,000 kwa saa. Damu ni kando. Bima wanapokea, ila si zote, na mtandao ukigoma mtakaa pale mpaka adhuhuri. Ni kliniki ya binafsi hapa Dar es Salaam. Jina silitaji kwa kuwa nina lawama za kuwapa pamoja na sifa, na mdogo wangu bado anatibiwa pale.

Huyo mdogo wangu ni kitinda mimba wetu, ana miaka 23, fundi simu. Aliacha kulala, kisha akaanza kusema msoma taarifa ya habari anamsema yeye. Kabla ya kliniki tulishapita kote mnakokujua. Kombe kwa ndugu wa baba, maombi ya mkesha kwa ndugu wa mama, na mganga mmoja wa Bagamoyo aliyekula mbuzi wetu na simu haipokei tena. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mgumu: "Mkimpeleka hospitali ya akili ndiyo mmemmaliza, ataishia Mirembe." Watu wa rika lake wamekua wakitishwa na Mirembe ya Dodoma, na mtu akisema neno la ajabu kidogo anaulizwa kama katoroka huko. Alipokubali kufuatana nasi, daktari alimweleza taratibu kwamba wagonjwa wake wengi wanalala majumbani kwao na asubuhi wanakwenda kazini. Wodi ni ya aliyezidiwa, naye akitulia anarudi kwake. Baba mdogo hakujibu, lakini kuanzia hapo alikaa vizuri kwenye kiti.

Benchi la kusubiria nalo lilimsaidia. Alidhani atawakuta watu wa majalalani. Alikaa katikati ya baba mmoja aliyevaa tai, anajibu barua pepe, na mama aliyempakata mtoto wa kifafa. Mtoto yule alianguka palepale. Mmoja akaomba kijiko amtie mdomoni, mwingine akavuta miguu akiogopa povu. Nesi akaja bila kukimbia, akamlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akatazama saa yake. "Msimtie kitu chochote mdomoni, na povu haliambukizi. Ikipita dakika tano ndiyo tutamchoma sindano." Haikufika dakika tano. Kwa kazi ile tu wanastahili nyota moja.

Daktari mwenyewe ana subira. Alimuuliza mdogo wangu usingizi, chakula, bangi, kama amewahi kugonga kichwa. Halafu akatugeukia sisi: kuna mwingine kwenye ukoo? Tukasema hakuna. Baba mdogo akakohoa, akamkumbuka kaka yao aliyerogwa Tabora, akawa anazungumza peke yake mpaka alipofariki. Daktari akaandika. Hakubishana na habari ya kurogwa, aliuliza tu ilimwanza akiwa na umri gani. Ishirini na kitu, kama huyu.

Wengi mnadhani ukienda kule wanakupima damu, karatasi inatoka imeandikwa una kichaa au huna. Kipimo hicho hakuna. Damu walichukua, lakini ni kuangalia homoni za tezi ya shingo, kaswende, VVU na sukari, kwa sababu hayo nayo yanaweza kumvuruga mtu akili, na tiba yake ni nyingine. Ugonjwa wenyewe wanautambua kwa kuuliza na kusikiliza, ndiyo maana tulikaa naye saa nzima. Kuhusu dua alituambia tuendelee nayo, ila kidonge kisirukwe, na yeyote atakayesema mgonjwa aache dawa za hospitali ili za kwake zifanye kazi, tumwogope.

Sasa lawama.

Walimwanzishia dawa iitwayo haloperidol. Usiku wa tatu shingo ikaanza kumpinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka, hawezi kuurudisha. Kichwani yuko timamu kabisa, anatutazama, machozi yanamtoka. Nyumba yetu ni ya wapangaji, wote walijaa mlangoni. Bibi wa chumba cha pili akasema jini limeona linafukuzwa sasa linapigana, akaenda kutafuta ubani. Mimi mwenyewe mikono ilinitetemeka. Nikapiga ile namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, na hapa niwasifu, saa sita ya usiku ilipokelewa. Nesi akauliza maswali mawili matatu tu: "Dawa ameanza lini? Anapumua vizuri? Basi hiyo ni dawa, dada, siyo jini. Mleteni sasa hivi." Alichomwa sindano, na kabla ya nusu saa shingo imerudi, anaomba maji. Wakamwongezea vidonge vya benzhexol, vya kuzuia misuli isikaze tena.

Kumbe wanajua kwamba dawa ile inaweza kukaza misuli siku za mwanzo, na vijana wa kiume ndio inaowapata zaidi. Wanajua! Mbona hamkutuambia? Sentensi moja tu dirishani pa dawa ingetosha. Nilimuuliza daktari, akaomba radhi, akasema wengine wakiambiwa madhara hawanywi dawa kabisa. Sikuridhika. Wangapi wameshachomewa ubani mpaka asubuhi na dawa zao zikatupwa chooni? Mnapambana na imani za majini huku mnatupa sababu mpya ya kuziamini. Nyota ya tano imebaki hapo.

Baadaye walimbadilishia, yuko kwenye olanzapine. Shingo haina neno, ila njaa! Anakula ugali wa watu wawili na suruali zote zimembana. Safari hii walituambia mapema, wanampima uzito na sukari kila akirudi.

Hofu nyingine ya nyumbani ilikuwa kwamba dawa hizi zitamfanya zezeta au teja. Mwanzoni alikuwa analala mchana, kweli, dozi ikapunguzwa. Diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, alipewa ya siku chache tu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozoesha. Hizi za kila siku mtu hazitamani, ila haziachwi ghafla. Daktari anataka mwaka mmoja angalau tangu atulie, hata akionekana amepona. Leo yuko kibandani kwake anabadilisha vioo vya simu.

Mwanasaikolojia nusura nigombane naye. Ni binti mdogo, sauti ya chini. Alimuuliza mdogo wangu, nikiwa nimekaa hapo, "Umewahi kufikiria kujiua?" Hivi hivi, kama anamuuliza umekula. Nilidhani anampandia wazo. Mdogo wangu akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, wiki kadhaa nyuma, na akataja mahali alipoificha kamba. Hatukuwa na habari hata kidogo. Nje yule binti akaniambia kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa mlango wa kulisema, na kwamba wengi wanaficha kwa sababu hapa kwetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya wana nafuu, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Kamba niliikata vipande siku hiyohiyo.

Madogo madogo: mlinzi afundishwe adabu. Wametengeneza mlango wa uchochoroni ili watu waingie kwa faragha, halafu yeye anapaza sauti, "Nyie wa akili piteni nyuma!" Mtaa mzima unasikia. Choo ni kisafi. Dawa zao ni ghali kuliko duka la nje, chukueni karatasi mkanunue penye nafuu, hawanuni.

Jumatatu msiende, foleni inafika uani. Jumatano asubuhi kuna nafasi. Bebeni dawa zote alizowahi kupewa, hata za miti shamba, daktari anataka kuziona. Na mwulizeni wenyewe madhara kabla hamjatoka chumbani kwake.