Honda Fit ya familia: fedha huenda wapi baada ya kununua

Wanaoniuliza habari za Honda Fit yangu, ile ya toleo la kwanza lililoingia sokoni mwaka 2001 na ambalo kwingine huitwa Jazz, huanza na mafuta, nami huwajibu kwamba mafuta ndiyo gharama isiyoniumiza. Injini yake ya lita 1.3 hunywa kidogo, na tangi la lita 42 hunitosha kwa muda mrefu. Fedha huenda kwingine.

Injini hiyo ina silinda 4 lakini plagi 8 (vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta), mbili kwa kila silinda, na kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme, hivyo siku ya kuzibadilisha nalipia idadi maradufu ya ile inayohitajiwa na injini ya kawaida ya silinda 4. Za mbele hufikika kwa urahisi. Za nyuma zimejificha, na kuna mafundi wanaoziacha humo humo bila kumwambia mwenye gari. Ndiyo maana mimi hununua zote 8 na kusimama karibu hadi kazi iishe.

Gharama ninayoiheshimu kuliko zote ni ya giaboksi ya CVT, yaani gia otomatiki inayobadilika polepole bila hatua. Inahitaji oili yake maalumu, ambayo bei yake iko juu ya oili ya gia otomatiki ya kawaida, na anayeweka nyingine ili kuokoa fedha hujiletea mtetemo gari linapoanza kuondoka, kisha matengenezo makubwa kabisa yanayoweza kulipata gari hili. Mimi hubadilisha oili hiyo kila kilomita 40,000 na sijawahi kuijutia.

Bima, tairi na pedi za breki hazinitishi, kwa kuwa gari ni jepesi na tairi zake ni ndogo. Injini nayo hutumia mnyororo wa taimingi (unaofanya sehemu za ndani ya injini ziende kwa mpangilio) badala ya mkanda, kwa hiyo ile gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya muda haipo. Tangi limewekwa chini ya viti vya mbele, jambo linaloacha nafasi kubwa nyuma, na familia yenye watoto na mizigo hupata humo faida ambayo hesabu ya fedha haiionyeshi.

Ningelinunua tena, ila kabla ya kulipa ningetaka kuona kumbukumbu za oili ya giaboksi, na muuzaji asiyekuwa nazo ningempunguzia bei au kumwachia gari lake.